Chupa ya Uzi Mweupe

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri, na yeye aliitika bila kuuliza undugu ulipitia wapi. Sasa ametangulia, Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema, na wanaomlilia wana mengi ya kusimulia: ukarimu wake, ulimi wake, na jinsi alivyofunga duka kila saa ya sala ilipofika hata kama mteja ameshaingiza mguu mmoja mlangoni. Yote ni kweli. Lakini anayetaka kumjua Shangazi hasa, amjue kwa siku ya chupa ya baruti. Siku ile nusura amuue mdogo wake wa tumbo moja, na maisha aliyoishi baadaye yalishika njia nyingine kwa sababu hiyo.

Kazi yake ilikuwa ya watu wachache. Baba yake alikuwa fundi wa magobore, zile bunduki za kale zinazoshindiliwa baruti kwa mdomoni. Alipofariki, bunduki zilichukuliwa na wenye mamlaka, yakabaki yale makorokoro yanayofuatana nazo: pembe za kuwekea baruti, chupa za baruti za shaba, mifuko ya ngozi ya marisau, zile risasi ndogo ndogo, kalibu za kumiminia risasi, vikopo vya fataki, na mideki ya chuma ya kushindilia iliyopinda kama miguu ya panzi. Ndugu walisema yatupwe. Shangazi, aliyekuwa msichana wakati huo, akayabeba yote kwa khanga akayaweka chini ya kitanda chake.

Kwa kuyapangusa na kuyageuzageuza, akaanza kuyasoma. Pembe aliitazama kitakoni, pale penye kizibo cha mti: kama kimeshikwa kwa vijiti vya mti vilivyochongwa kwa kisu, hiyo ni ya zamani, kama kimepigwa misumari midogo inayofanana kama mapacha, hiyo umri wake ni mdogo. Kalibu aliitazama kwenye maungio, na mahali moto wa risasi iliyoyeyuka ulipochoma mpini. Chupa za shaba ndizo zilizokuwa na maneno mengi. Chupa ya baruti ni bapa, imekaa kama peasi iliyokandamizwa, inaenea kiganjani, na juu ina kichwa chenye mrija wa kupimia baruti ya mlio mmoja na kifungio kinachorudi kwa springi. Za kale zilitengenezwa kwa vipande viwili vya bati la shaba vilivyopigwa mchoro, mbwa na ndege au majani, kisha vikaunganishwa ubavuni kwa lehemu nyembamba kama uzi wa buibui. Skrubu zake zilikatwa kwa mkono, na mfereji wa kuingizia bisibisi mara nyingi umekwenda upande. Za kuigiza, zinazomiminwa siku hizi kwa ajili ya mapambo, mchoro wake huwa umefifia, kama uso wa mtu nyuma ya pazia, na skrubu zake zimetoka mashineni, zote sawa.

Watu wakaanza kumletea vya babu zao. Wengine walitaka kujua umri tu, wengine kuuza. Akafungua duka, chumba kimoja chenye kaunta ndefu, dirisha la nondo, na taa ya shingo ndefu aliyoivuta karibu na pua yake kama daktari wa macho.

Nyuma ya kaunta alikuwa na utaratibu mmoja usiovunjwa. Kitu alichokithibitisha kuwa cha kale alikifunga uzi mwekundu, na hicho kabla ya kufanyiwa lolote kililala kwenye ndoo ya maji, kikafunguliwa, kikasuguliwa ndani. Sababu ni kwamba baruti nyeusi haichachi. Inaweza kulala ndani ya chupa miaka na miaka, na siku ikikutana na moto itakumbuka kazi yake. Kitu cha kuigiza alikifunga uzi mweupe, na hicho kilikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, mfua vyuma, kikatobolewe na kulehemiwa kigeuzwe taa ya mezani. Hakikupita kwenye maji, kwani ni nani angejaza baruti ndani ya pambo?

Mdogo wake huyo walimwita Cheche kwa ajili ya kazi yake ya moto, na kwa ajili ya mdomo wake pia. Alikuwa mrefu, mwenye masharubu yaliyoungua ncha moja, na hakuwahi kumwita Shangazi kwa jina. "Dada" ndilo lilikuwa neno lake, na dada akisema uzi ni mweupe, Cheche aliwasha.

Siku moja kabla ya tukio, mjane mmoja wa mtaa wa pili alileta kikapu cha vitu vya marehemu mumewe. Ndani kulikuwa na mfuko wa marisau uliooza mshono, mdeki, na chupa ya baruti inayong'aa kama sahani ya harusi. Mjane aliviacha vyote auziwe, akaenda zake. Cheche alikuwepo, ameegemea kaunta, ana haraka. Mwenye hoteli mmoja alikuwa ameagiza taa, na idadi haijatimia.

Shangazi akaisogeza chupa chini ya taa. Akatazama kichwa: skrubu za mashine, springi mpya kabisa. Akatazama mchoro: mbwa hana macho, ndege wamekuwa madoadoa. Akapitisha ukucha ubavuni kutafuta mshono wa lehemu, ukucha ukateleza.

"Dada, ukiendelea kuitazama hivyo itakutolea posa," Cheche akasema.

"Ikiwa na adabu kuliko wewe, nitaikubali."

"Basi nipe nikamtie shemeji yangu waya."

Akaipima kiganjani. Ilikuwa nzito. Akajiambia kwamba hizi za kumiminwa shaba yake huwa nene. Cheche naye akaichukua, akaitikisa sikioni kama mtu anayenunua nazi. Kimya. "Tupu kama mfuko wangu," akasema. Shangazi akacheka, akakata uzi mweupe, akaufunga shingoni mwa chupa. Cheche akaitia kwenye gunia pamoja na zile nyingine, akatoka akipiga mluzi.

Asubuhi ya pili yake Shangazi alikuwa anafagia mbele ya duka mjane aliporudi, ameshika kitu ndani ya leso.

"Shangazi, hodi tena. Nimekipata hiki nyuma ya kabati. Nikasema nikuletee, kikae na mwenzake."

Shangazi akafungua leso. Kilikuwa kikopo kidogo cha bati cha kuwekea fataki, vile vikofia vya shaba vinavyogongwa na nyundo ya bunduki viwashe baruti. Karatasi ya juu ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na bati lenyewe lilikuwa limekunjwa kwa mkono. Akakisogeza kwenye mwanga, akafurahi kama kawaida yake.

"Hiki ni kizee kweli, mama. Kilikuwa pamoja na nini?"

"Si na ile chupa? Vilikaa pamoja siku zote."

"Ile chupa ni ya juzi. Ni ya kuigiza."

Mjane akaangua kicheko. "Ya juzi! Ile ni ya babu yake mume wangu. Kichwa ndicho cha juzi. Kile cha kwanza kilikatika, marehemu akatafuta kingine, akakifunga kwa skrubu zake za redio, halafu akakilehemu shingoni kisichezecheze. Alikuwa hapendi kitu kilegevu, Mungu amrehemu."

Ufagio ulimwanguka Shangazi mkononi.

"Na mchoro? Mbona umekwisha?"

"Si mimi huyo! Tangu nilipoolewa, kila wiki jivu na limau. Alitaka ing'ae. Hata juzi kabla sijaileta nimeisugua na ile dawa ya kopo, nusura nichubuke vidole."

Ile dawa ya kopo. Ndiyo iliyojaza mshono, ikakauka, ukucha ukateleza. Na mbwa asiye na macho hakuwa ametoka kwenye kalibu mbovu. Alikuwa amesuguliwa na mke mwema maisha yake yote ya ndoa.

"Mama, niambie ukweli. Ndani kulikuwa na kitu?"

"Hakuna kitu. Hata ukiitikisa hailii."

Hapo Shangazi akaelewa. Baruti kavu hulia ndani ya chupa kama mchanga. Lakini baruti iliyopata unyevu halafu ikakauka hugandamana, ikashika kuta kama ukoko wa sufuria. Hailii. Iko pale pale, nzima, na chupa ni nzito.

Alichukua simu, akampigia Cheche. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Alijua simu ilikuwa wapi: juu ya friji ya wifi yake inachajiwa, kwa sababu Cheche hakukubali simu karibu na moto. Watu walimsifu kwa tahadhari hiyo.

"Kaa hapa dukani," alimwambia mjane, akimwachia simu. "Usimuuzie mtu kitu. Ikiita simu, pokea, sema azime moto."

"Nani azime moto? Shangazi! Kulikoni?"

Shangazi alishatoka. Alikuwa mnene, magoti yake yalikuwa yamemgomea tangu zamani, na viatu vilikuwa vya kuburuza. Alivivua vyote viwili akaviacha barabarani. Karakana ya Cheche ilikuwa ng'ambo ya reli, nyuma ya kiwanda cha mikate, na kwa mwendo wake wa kawaida ilikuwa safari ya kupumzika njiani. Alikimbia akishika ukuta wa maduka, akigonga mabega ya watu, na moyoni alikuwa na neno moja tu: Ee Mola, mshike mkono. Mshike mkono. Fundi wa viatu alimwita, akamdhani ameibiwa. "Yuko wapi mwizi, Shangazi? Ameelekea wapi?" Hakupata pumzi ya kumwambia kwamba hapakuwa na mwizi.

Alipofika kwenye reli, mti wa kuzuia watu ulikuwa umeshuka. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, polepole, behewa baada ya behewa, yenye matangi ya mafuta, yenye magogo, yenye vumbi la saruji. Shangazi alisimama amejishika ubavu. Alitazama mkia wa treni, hakuuona.

"Nipitishe hapo katikati," alimwambia mlinzi wa reli.

"Katikati ya nini, mama? Ya magurudumu?"

"Ndugu yangu anakufa ng'ambo."

"Na wewe utakufa ng'ambo hii, halafu niandike ripoti yako mimi. Simama. Treni haina haraka, wewe nawe usiwe nayo."

Angeweza kumpiga. Badala yake alisimama ameshika ule mti kwa mikono miwili, na akili yake ikawa inafanya kazi ambayo hakuituma. Cheche huanza na ipi? Huanza na ndogo, akipasha mkono. Ile ilikuwa ndogo au kubwa? Ya wastani. Kwanza atapasha shingo kwa moto ayeyushe lehemu ang'oe kichwa. Lehemu inayeyuka mapema, chupa bado haijashika moto sana. Lakini ile aliyolehemu marehemu mume wa mjane, mtu asiyependa kitu kilegevu, lehemu ya mtu huyo itakuwa ya kutosha. Itakataa. Na Cheche, lehemu ikikataa, huongeza moto. Alijua hivyo, kwani ni yeye aliyemfundisha kung'oa vichwa hivyo.

Mkia wa treni ukapita. Akainama chini ya mti kabla haujapanda, mlinzi akapiga kelele nyuma yake.

Uani kwa Cheche, wifi yake alikuwa bombani anasuuza ndoo.

"Wifi! Pekupeku? Nani anakufukuza?"

"Mumeo yuko wapi?"

"Yuko na mke mwenzangu, kile kichomeo chake. Tangu asubuhi hata chai hajan..."

"Kaa huko huko. Usisogee."

Kicheko kikafutika usoni mwa wifi.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Kelele za mashine ya kukatia vyuma zilitoka karakana ya jirani, zikajaza chumba. Cheche alikuwa amempa mlango mgongo, amevaa miwani ya kazi na vizibo vya masikio, ameinama kwenye jiliwa, kibanio chake cha vyuma. Kichomeo kilikuwa mkononi, na ulimi wa moto, wa buluu, ulikuwa unalamba shingo ya chupa iliyobanwa. Mezani kando yake kulikuwa na chupa nyingine zimekwisha kung'olewa vichwa. Shangazi alitazama ile ya kwenye jiliwa. Iling'aa kama sahani ya harusi.

Mdomo ulitaka kupiga kelele, akauzuia. Hata angesikia, Cheche angeshtuka, angegeuka na moto mkononi, na moto ungepita tumboni mwa chupa. Mtungi wa gesi ulikuwa karibu na mlango. Akapiga magoti, yale magoti mabovu, akashika kizungusho, akakizungusha.

Ulimi wa moto ukarefuka.

Alikuwa amefungulia. Kwa hofu mkono wake ulikuwa umekwenda upande wa pili. Moto uliruka kutoka shingoni hadi mabegani mwa chupa, Cheche akaguna, akarudisha kichwa nyuma. Shangazi akazungusha tena, kinyume, kwa mikono miwili, akazungusha mpaka kizungusho kikakataa kwenda. Moto ukalia puu kidogo, ukafa.

"Ah! Gesi gani hii?" Cheche akautikisa mpira. Hakugeuka bado. Mkono wake wa kushoto ukaingia mfukoni, ukatoka na kiberiti, na kwa kuwa chupa bado ilikuwa moto, aliinamisha uso kuitazama lehemu kwa karibu.

Shangazi akaukamata ule mkono.

Cheche aliruka kama aliyeguswa na nyoka. Akavua vizibo vya masikio. "Dada! Unataka kuniua?"

"Weka kiberiti chini."

"Ni wewe umezima gesi? Lehemu ilikuwa ndiyo inaanza kulainika! Nani alilehemu kitu hiki, kichaa?"

"Cheche, weka kiberiti chini, rudi nyuma. Ina baruti."

Akamtazama miguuni, akaona nyayo zenye damu. Akatazama chupa, na ule uzi mweupe alioufungua na kuutupa juu ya meza. "Ina nini? Si wewe umesema ni feki?"

"Nimekosea. Rudi nyuma."

"Umekosea?" Alisema kwa mshangao, kama aliyeambiwa kwamba jua limesahau kuchomoza. Halafu akatabasamu. "Dada, umechoka. Nimeitikisa, imenyamaza. Leo asubuhi nimeigonga kwa nyundo kulegeza skrubu, imenyamaza. Sasa..."

Shangazi hakumsikiliza. Alichukua ndoo ya maji ya kupozea vyuma, akaimwaga yote juu ya jiliwa. Mvuke ukapanda mpaka kwenye mabati. Cheche akalalamika kwamba shaba itapasuka. Ikapoa. Wakafungua skrubu kwa bisibisi na kuikwangua lehemu, bila nyundo, Shangazi akishika yeye mwenyewe na kumsukuma ndugu yake kwa kiwiko kila alipojaribu kusogea. Kichwa kilipotoka, ndani hapakuwa na giza la chupa tupu. Palikuwa peusi hadi shingoni, pakavu chini ya tabaka la juu lililolowa, kama mkaa wa unga uliofinyangwa.

Cheche hakuamini bado, au labda aliamini na akataka mwili wake nao uamini. Alichokoa punje kutoka katikati kwa ncha ya waya, punje isiyozidi dengu, akatoka nayo uani, akaiweka juu ya tofali. Akawasha kiberiti, akanyoosha mkono.

Ililia fuu, ikapaa mwali mweupe, ukafuata moshi mzito wenye harufu ya yai viza. Tofali likabaki na doa. Cheche akaangalia tofali. Kisha akaangalia chupa kupitia mlango, imejaa, na mahali alipokuwa ameinamisha uso wake. Akakaa chini, pale pale kwenye maji machafu ya ndoo ya mke wake.

Wifi alikuwa ameona yote. Alikuwa mwanamke wa maneno, anayeweza kugombana na jirani tangu kupika hadi kupakua, lakini siku ile sauti yake ilitoka ndogo.

"Wifi, naomba uende nyumbani kwako."

Shangazi akaenda. Wifi alimfuata hadi getini na jozi ya kandambili, akaziweka chini mbele yake, akarudi ndani bila kumtazama.

Chupa ile ililala majini hadi maji yakaacha kutoka meusi. Shangazi akaipa uzi mwekundu, ingawa sasa haikuwa na haja nao. Akamrudishia mjane na kumwambia umri wake wa kweli, na mjane akaondoka nayo akisema ataendelea kuisugua.

Cheche hakuja dukani. Gunia la vitu vyenye uzi mweupe lilirudishwa na mpita njia, limefungwa vizuri, bila salamu. Wiki zikapita. Mwenye hoteli akapata taa zake kwingine. Shangazi alisali, akafunga, akaomba Mungu ampe neno la kumwambia mdogo wake, na neno halikuja. Mwisho akaenda bila neno.

Alikuta karakana imepoa. Cheche alikuwa anapiga mabati kwa nyundo, kazi isiyohitaji moto, kazi ya wanafunzi.

"Nilitazama kichwa, sikutazama mwili," Shangazi alisema. "Niliona mchoro umefifia, nikasahau kwamba mikono ya mtu inaweza kuufifisha. Na niliona ni nzito. Mkono wangu ulijua, mimi nikaupuuza."

"Usinieleze, dada. Mimi sijui cha kale wala cha kuigiza." Akaweka nyundo chini. "Nilikuwa nakujua wewe. Ukisema nyeupe, mimi nawasha. Hata sifikirii. Sasa tazama."

Akainua mkono wa kulia, ule wa kichomeo, akaunyoosha mbele yake. Ulikuwa unatetemeka. Siyo sana, lakini kwa mfua vyuma ulikuwa unatosha kumfukuza kazini.

"Vitu vyote vitapita kwenye maji," Shangazi akasema. "Vya kale, vya juzi, hata kijiko. Nyuzi nyeupe nimezitupa."

"Sawa. Najua. Ni wewe utakayeviosha, ni wewe utakayesema viko safi." Akaurudisha mkono mapajani, akaufunika na mwenzake. "Nikiwasha, naona lile doa kwenye tofali."

Wifi alikuwa mlangoni, amefunga mikono kifuani.

Shangazi akafungua gunia alilokuja nalo. Akatoa chupa moja, ya kuigiza, aliyokuwa ameiloweka, kuifungua, kuisugua na kuikausha juani. Akaibana mwenyewe kwenye jiliwa. Halafu akatafuta kitu cha kukalia, akapata ndoo, akaigeuza kitako juu, akaiweka upande wa pili wa jiliwa, akaketi. Uso wake ulikuwa mbele ya chupa, karibu kuliko mahali pa Cheche.

"Unafanya nini?"

"Nimekaa. Washa."

"Dada, toka hapo."

"Nikisema iko safi, nitakuwa nimesema nikiwa hapa. Washa."

Cheche alimtazama mkewe. Mkewe hakumsaidia. Akavaa miwani. Akafungua gesi, polepole, akawasha, na ule mwali wa buluu ukasimama kati ya ndugu wawili. Mkono ulitetemeka, ukapima, ukarudi nyuma, ukasogea tena. Shangazi alikuwa ameshika magoti yake na midomo yake ilikuwa inasogea katika sala, lakini macho hakuyafumba.

Ndivyo walivyofanya kazi tangu siku hiyo, hadi ugonjwa ulipomlaza. Kila kitu kilichotoka kwenye kaunta yake kwenda motoni alikipeleka mwenyewe, akakaa nacho. Alivuka reli na magoti yale, jua na mvua, na waliomwambia atume mtu aliwajibu kwamba hakuna mtu wa kutuma. Wapo waliosema ni ukaidi. Wapo waliosema anajiadhibu, na huenda walikuwa sahihi. Hilo ni kati yake na Mola wake.

Lakini siku ile ya kwanza, lehemu ilipolainika na kuanza kung'aa kama tone la machozi, Cheche alisogeza moto kando kidogo.

"Rudi nyuma, dada. Utaungua nyusi."

"Wewe masharubu yako yaliungua, nani alikusikia ukilia?"

"Rudi nyuma, nimesema."

"Hapa hapa," Shangazi akasema. "Maliza kazi."

Akamaliza.